Kuanza kufuma vinyama vidogo vya kroshia: usianze na kale kadogo kabisa

Kitanzi_Dom (mtoa mada)

Mbukwenyi wadau. Tangu niweke picha za wale punda na kanga niliowafuma PM imejaa, na wote swali ni moja, "dada naanzaje", halafu wengi wanaambatanisha picha ya katembo ka ukubwa wa ukucha walikokaona Instagram wanataka waanze na hako hako. Naandika hapa mara moja nisiwe najibu mmoja mmoja, atakayekuja PM nitamrushia link ya hapa tu msininunie.

Cha kwanza mkielewe hiki maana ndo kinachowakatisha watu tamaa. Kanyama kadogo hakana pateni (yale maelekezo ya kufuma raundi kwa raundi) yake ndogo. Pateni ni ile ile ya kanyama kakubwa, udogo unaletwa na uzi na sindano. Mpira wa stichi 24 ukiufuma kwa uzi wa sweta unatoka kama limao, mpira huo huo stichi zile zile 24 ukiufuma kwa uzi wa kudarizi unapata kitu cha ukubwa wa zabibu. Hesabu haijabadilika hata moja. Kwa hiyo anayeanza na uzi mwembamba anajitesa bure, anajifunza mkono, hesabu na kutafuta tundu kwa macho vyote kwa mpigo, wakati angeweza kujifunza kwenye uzi mnene unaoonekana halafu baadaye akashuka taratibu.

Vifaa basi. Uzi chukua ule wa kufumia sweta, wa unene wa kati, rangi ya mwanga. Njano, krimu, pinki, kijani cha jani bichi. Nyeusi na bluu ya giza ziache kabisa kwa sasa, stichi hazionekani na umeme ukikatika jioni ndo basi tena. Na usichukue ule wenye manyoya manyoya hata kama muuzaji anakusifia, ule ukikosea hata kufumua haufumuki. Maduka ya vifaa vya mafundi nguo hapa Dodoma mjini wanao, anza na mitaa inayozunguka soko la Majengo, ukikosa rangi kuna watu wanaagiza Kariakoo mzigo unakuja na basi.

Sindano ya kroshia hapa ndo watu wanapigwa. Ukisoma kwenye lebo ya uzi utakuta wameandika labda milimita 4. Hiyo ni ya kufumia shali na sweta, kitu kinachotakiwa kilegee. Mnyama tunamjaza pamba ndani, akilegea pamba inachungulia nje. Shuka, uzi wa 4 ufumie 2.5 au 3. Mkono utauma kidogo mwanzoni lakini kitambaa kinabana vizuri.

Vingine: mkasi, sindano butu yenye tundu kubwa ya kushonea viungo, pini au kipande cha uzi wa rangi nyingine cha kuwekea alama, na pamba ya mito. Basi. Msinunue yale maboksi yenye vitu hamsini, robo tatu yake hutokaa uvitumie.

Stichi unayotakiwa kuijua ni moja tu, singo. Ingiza sindano, vuta uzi unakuwa na vitanzi viwili, vuta tena upite vyote viwili. Ukiijua hiyo, ukajua kuongeza (singo mbili kwenye tundu moja) na kupunguza (matundu mawili yanakuwa moja) umemaliza, wanyama karibu wote duniani wanatoka humo.

Tufume kifaranga. Nimechagua kifaranga makusudi, hana miguu ya kushona wala shingo, ni mpira wenye mdomo.

Unaanza na kaduara ka uzi kanakovutika, ndani yake unapiga singo 6 halafu unavuta mkia kanafunga. Wengine haka kaduara kanawasumbua sana, kama kanakusumbua piga cheni 2 (vuta uzi upite kwenye kitanzi kilicho kwenye sindano, mara mbili) halafu singo zote 6 ziingize kwenye ile cheni ya kwanza, kitundu kitabaki kadogo sana katikati na mkia utakizibia. Raundi ya 2 ongeza kila tundu, unapata 12. Raundi ya 3 singo moja ongeza moja mpaka mwisho, 18. Raundi ya 4 singo mbili ongeza moja, 24. Hapo acha kuongeza. Raundi ya 5 mpaka ya 9 nenda 24 tu bila kuongeza wala kupunguza, utaona inaanza kujikunja inakuwa kikombe. Raundi ya 10 singo mbili punguza moja, 18. Jaza pamba. Raundi ya 11 singo moja punguza moja, 12. Ongezea pamba tena, zaidi ya unavyodhani inatosha. Raundi ya 12 punguza tu mpaka zibaki 6, kata uzi, pitisha sindano butu kwenye zile 6 vuta funga, mkia ufiche ndani.

Hatufungi raundi. Unazunguka tu kama konokono, ndo maana ile alama ni lazima, weka kwenye stichi ya kwanza ya kila raundi na uihamishe kila ukizunguka. Bila alama utafika raundi ya 7 hujui uko wapi, na mtoto akiingia kukuomba hela ya daftari ndo umepotea jumla.

Mabawa ni mawili, kila moja singo 6 kwenye kaduara, raundi ya pili 12, kunja katikati shonea ubavuni. Mdomo tia mishono mitatu minne ya uzi wa rangi ya chungwa. Macho tutayaongea.

YouTube tafuteni kwa neno amigurumi, mambo haya yametoka Japani na ndo jina linalotumika kila mahali. Ukiandika tu kroshia utaletewa magauni.

zuzu_wa_Nkuhungu

Asante dada kwa somo ila mbona mimi wangu unakuwa na sura mbaya, yani juu una vimistari vya kulala wakati wa kwako kwenye picha una viherufi V vimejipanga vizuri. Nimefumua mpaka uzi umechoka

Kitanzi_Dom

Hapo umeugeuza mdogo wangu, upande wa ndani umekuja nje. Sio kosa la stichi. Ukifika raundi ya 4 au ya 5 sukuma kwa kidole gumba upinduke, V zinakuja nje. Na kuanzia hapo hakikisha sindano inaingia kutokea nje kwenda ndani, ukifuma ukingo ulio karibu na wewe itakaa yenyewe. Wengi wanaoanza wanafuma ukingo wa mbali ndo maana unawapindukia.

Uzi ukishafumuliwa sana unaanza kupukutika, kata hicho kipande utupe anza na kipya.

Bibi_Kroshia

Nimeupenda huu mjadala. Mimi ni mwalimu mstaafu niko huku Mpwapwa, nimefuma vitambaa vya makochi tangu ujana wangu, hawa wanyama nimefundishwa na mjukuu. Nina jambo la kuwaongezea. Sisi tuliofundishwa kwa vitabu vya Kiingereza cha Uingereza, hicho mnachoita singo sisi tunakiita dabo. Pateni nyingi za mtandaoni zinatumia majina ya Kimarekani. Sasa mtu akikaa na mama yake amfundishe, mama anasema piga dabo, binti anasoma kwenye simu singo, wanagombana na wote wako sahihi. Na hatari iko hapo, ukiifuma dabo ya Kimarekani mnyama anatoka mrefu ana matundu kama chandarua. Mwangalie mwenye pateni ametumia majina ya wapi kabla hamjaanza. Ukiona mahali popote ameandika sc, huyo ni wa Kimarekani, Waingereza hawana kitu hicho.

Zile pateni za Kijapani za michoro msiziogope pia. Alama ya x au ya kujumlisha ni singo, V ni kuongeza, V iliyopinduliwa ni kupunguza. Hazina maneno ya kukuchanganya.

Kitanzi_Dom

Shikamoo bibi. Hilo la majina mimi sikuliwaza kabisa, asante sana.

Bibi_Kroshia

Marahaba mwanangu. Endelea kuwafundisha.

Mama_Ihumwa

Jamani kuhusu pamba. Nyumbani kwetu kuna msufi, sufi tunayo ya bure tunajazia mito, inafaa kwenye hawa wanyama au mpaka ninunue?

Kitanzi_Dom

Inafaa kwa mnyama wa kukaa kabatini. Ni nyepesi na mnyama anakuwa laini. Ila sufi ina mambo mawili, nyuzi zake fupi na zinateleza, ukifuma kwa kulegea zinatoka nje kwenye matundu zinaruka ruka nyumba nzima, na ukija kumfua inajikusanya inakuwa mabonge. Kwa mwanasesere wa mtoto anayefuliwa kila wiki chukua pamba ya plastiki (polyesta). Wala huhitaji kununua mpya, kama una mto wa zamani uliobonyea toa pamba yake, ifue kwa sabuni, anika, halafu ichambue kwa vidole ikae tena kama wingu.

Pamba ya hospitali achaneni nayo. Inanyonya maji, haikauki, inakaa kama jiwe.

Vipande vya kitambaa na mabaki ya uzi watu wanajazia pia, mimi sipendi, vinatoa nundu na kama mnyama ni mweupe rangi ya ndani inaonekana. Miguuni sawa, kwingine hapana.

Jobless_UDOM

Wakuu mimi mwanaume, nacheka hapa ila nataka kujifunza serious, roommate ashaanza kuniita mama mkwe. Swali langu ni la hela. Hivi hii kitu inalipa? Kanyama kamoja unauza ngapi

Chuma_cha_Bahi

Mwanaume unafuma vidoli 😂😂 haya bwana

Kitanzi_Dom

Chuma nenda cherehani za Majengo uhesabu mafundi nguo wangapi ni wanaume halafu urudi.

UDOM nikujibu vizuri maana wewe umeuliza la maana. Piga hesabu hivi. Tuseme punda mmoja unamfuma masaa 4 na uzi, pamba na macho vimekula 1,500. Ukimuuza 6,000 umebaki na 4,500, gawa kwa 4, umejilipa elfu moja na mia kidogo kwa saa. Sasa mteja akikuambia "si uzi tu dada nipe kwa elfu tatu" ujue anakuomba umfanyie kazi masaa manne ubaki na 1,500 tu. Nimeweka namba za mfano tu, zako utazijua baada ya kupima muda wako mwenyewe, ila usipange bei kabla hujakaa na saa.

Wanaoanza wanauza bei ya chini kwa sababu bado wako taratibu na wanaona aibu. Halafu wanakuja kuwa wepesi bei imeshazoeleka, haipandi. Bora ugawe vya kwanza zawadi kwa ndugu kuliko kuviuza bei ya kutupa.

Na vidogo vina soko lake. Mkubwa watu wanataka wa mtoto na wanabembeleza bei. Kadogo ka sentimita 3 ukikawekea kipete cha ufunguo au ukakafanya hereni ananunua mtu mzima kwa ajili yake mwenyewe, na uzi uliokula ni kipande tu.

Bibi_Kroshia

Na mfume vya kwetu. Naona vijana wote wanafuma pweza na dinosaria. Mnyama wa taifa ni twiga, huku kwetu kuna punda, mbuzi, ng'ombe mwenye nundu, kanga wa porini. Michoro ya mapangoni kule Kolo, Kondoa, ina twiga na tembo wa rangi nyekundu, ni urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2006 na wageni wanafika pale. Mtu akifuma twiga mdogo wa uzi wa rangi ile ya udongo mwekundu, mgeni hataki umweleze sana.

Jobless_UDOM

Bibi umenipa idea hatari. Twiga nimejaribu shingo inalala lakini

Bibi_Kroshia

Hujajaza. Shingo unaijaza kila ukifuma raundi tatu nne, usisubiri mpaka mwisho, pamba haitafika chini. Ijaze mpaka ukiibonyeza inakataa. Kisha unaposhonea kichwani na mwilini zunguka mara mbili, mara moja haitoshi kwa shingo.

Na miguu ya mnyama wa miguu minne usishone mmoja mmoja ukamaliza. Weka pini yote minne kwanza, msimamishe mezani, mwangalie kwa mbele na kwa ubavu, ndipo ushone. Nimewaona mbuzi wengi wamepiga magoti.

zuzu_wa_Nkuhungu

😂😂😂 mbuzi wamepiga magoti. Dada wa kwanza nimemaliza kifaranga! Ila nikipunguza panabaki vitundu na kauvimbe, mbona kwenye kuongeza hakuna shida

Kitanzi_Dom

Hongera! Kauvimbe ni kwa sababu unashika stichi nzima mbili. Kila stichi kwa juu ina nyuzi mbili, ya mbele na ya nyuma. Ukipunguza shika ya mbele tu ya stichi ya kwanza, na ya mbele tu ya stichi inayofuata, hapo una vitanzi vitatu kwenye sindano. Vuta uzi upite vile viwili ulivyookota, halafu malizia kama singo ya kawaida. Inapotea kabisa, hata wewe mwenyewe utatafuta ulipopunguza huoni.

Kingine cha kubana, angalia unavyookota uzi. Ukiingiza sindano kwenye tundu, badala ya kuuzungusha uzi juu ya sindano pitisha sindano juu ya uzi uukokote kutokea chini. Stichi zinatoka x badala ya V na mpira unakaza zaidi, unakuwa hata mdogo kidogo. Kwa vinyama vidogo mimi nafuma hivyo muda wote. Kwenye video nyingi hawasemi, wanafanya tu.

Mama_Ihumwa

Macho dada ulisema utayaongea

Kitanzi_Dom

Kweli. Yapo ya plastiki yenye mguu na kikofia cha kufungia kwa ndani, unayaweka kabla hujafunga mpira, kwa kifaranga chetu kati ya raundi ya 6 na ya 7, yaachane stichi kama 5. Ukishabana kikofia hayatoki kwa hiyo pima kwanza mara mbili tatu. Yapo na shanga nyeusi, unashonea kwa uzi wa nailoni.

Lakini mnyama akienda kwa mtoto chini ya miaka 3, hakuna cha plastiki wala shanga. Unadarizi macho kwa uzi. Hata hayo yenye kikofia yanayoitwa salama, mtoto akitafuna kitambaa kikalegea jicho linachomoka, na jicho la milimita 6 linaenda moja kwa moja kooni. Mteja akikuambia "weka tu yale yanayong'aa" muulize mtoto ana umri gani, ukiona anazunguka zunguka weka ya uzi.

Sasa kwa waliofuma vifaranga vitatu vinne na mkono umeshazoea, kushuka ni hivi. Usiruke. Kutoka uzi wa sweta nenda uzi wa pamba wa vitambaa vya makochi, ule mama zetu wanao kabatini, na kroshia ya chuma ya 1.5 au 1.75. Fuma kifaranga kile kile. Ukikaa sawa ndo uende uzi wa kudarizi. Ule kibunda kimoja kina nyuzi 6 zimesokotwa pamoja, anza na zote 6 kwa sindano ya 1.25 au 1, baadaye unazichambua unafuma na 3, ukibaki na moja umeingia kwenye vile vya ukucha mlivyonitumia. Hapo tena pamba unaisukuma kwa kijiti cha meno, na unafuma mchana dirishani.

Na mikono. Kuanzia mwezi wa sita ule upepo wetu wa baridi ukianza vidole vinapasuka, uzi mwembamba unanasa kwenye nyufa kila stichi, ni kero. Paka mafuta usiku, asubuhi nawa ukauke ndo ushike uzi, usipake ukafuma hapo hapo maana uzi wa rangi ya mwanga unakunywa mafuta na vumbi letu hili linakuja kukaa juu yake, krimu inakuwa kahawia kabla hujamaliza kichwa. Mimi kazi ambayo haijaisha inakaa kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko.

Chuma_cha_Bahi

Haya nimerudi kwa adabu. Binti yangu yuko darasa la nne anataka ila anatumia mkono wa kushoto, video zote zinamchanganya

Kitanzi_Dom

Karibu tena kaka 😀. Pateni haibadiliki, namba ni zile zile, yeye atazunguka upande wa pili tu. Kama simu yako ina programu ya kugeuza video kioo mgeuzie. Kama haina, akae mbele yako mtazamane, wewe ufume kwa kulia yeye aige, ataona kama anajiangalia kwenye kioo.

Chuma_cha_Bahi

Sasa ina maana na mimi nijue kufuma?

Bibi_Kroshia

Ndiyo baba. Uzi wa njano, sindano ya 3, singo 6 kwenye kaduara.